Kamera kwa Pesa za Viazi

Tangu kaka yangu aje hapa shuleni siku ya michezo na ile kamera nyeusi kifuani, sijapata amani. Bwenini naulizwa, "Ile kitu ni pesa ngapi?" Kwenye foleni ya chakula naulizwa, "Inavuta mpaka wapi?" Hata mwalimu mmoja, ambaye simtaji, alinisimamisha karibu na maabara akataka kujua kama Canon ni bora kuliko Nikon. Mlezi wa chama chetu aliposikia hayo alicheka, akasema, "Andika mara moja katika jarida, usije ukaishiwa na mate." Basi naandika. Nitaeleza jinsi sisi tulivyochagua yetu na kwa nini, kisha kila mtu apime na mfuko wake.

Nianze na fedha, maana ndizo zilizoamua mengi. Mama yangu anauza viazi katika soko la Wakulima hapa Nakuru. Zamu yake ya chama ilifika mwezi wa Agosti mwaka 2024, akapokea shilingi 45,000 taslimu. Wakati huo kaka alikuwa na karibu miaka miwili tangu amalize Kidato cha Nne, na kazi yake ilikuwa kumbebea mpiga picha mmoja wa arusi mikoba na taa. Siku njema alipata mia tano, siku mbaya alipata sahani ya pilau na asante. Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Naam, kaka alikuwa amevukuta vya kutosha. Mama akaamua kumkopesha zile fedha zote. Nasema kumkopesha, si kumpa.

"Hii ni karo ya mdogo wako ya Januari," alimwambia. "Inaingia kwa kamera, na itoke kwa kamera."

Mdogo mwenyewe ndiye mimi niandikaye. Kwa hivyo msishangae kwamba likizo hiyo nilisoma habari za kamera kuliko nilivyosoma Kemia. Kamera ikilala, nami ningelala nyumbani.

Nyumbani tulikuwa na maoni matatu na kamera hata moja haikuwapo. Mama alitaka kitu kipya, ndani ya boksi, chenye risiti na garanti. "Mimi siuzii watu viazi vya jana," alisema, "na sitanunua kamera ya jana." Kaka naye akili yake yote ilikuwa Ziwa Nakuru. Alitaka kupiga picha za vifaru na chui, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ingawa maji ya ziwa yalipopanda sana katika miaka ya 2010 wengi wao walihama. Aidha, tangu mashindano ya Safari Rally yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari yakitimua vumbi kule Naivasha na Elementaita, kaka amekuwa akiota lenzi ndefu kama bomba la maji.

Mtu wa tatu ni Mjomba, ndugu ya Mama. Huyu ni mpiga picha wa zamani. Miaka ya themanini na tisini alikuwa akiwapiga watu picha katika bustani ya Nyayo kwa kamera ya Zenit, ile nzito ya Kirusi. Ulikuwa unasimama karibu na maua, unalipa nusu, na baada ya juma moja unarudi kuchukua picha yako ukiwa umefumba macho. Filamu moja ilikuwa na picha 36 tu, kwa hiyo hakuna aliyebonyeza ovyo. Kisha filamu ikafa. Ajabu ni kwamba walioiua ni wenyewe: mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, ndiye aliyeunda kamera ya kwanza ya dijitali mkononi mwaka 1975, na Januari 2012 kampuni hiyo hiyo ikaomba mahakama ya Marekani iikinge na wadai. Halafu simu zikaja zikamaliza wateja wa bustanini. Siku hizi Mjomba ana kibanda huko Bondeni, anapiga picha za pasipoti na kutoa fotokopi. Ukutani amebandika picha ya Mohamed Amin, yule Mkenya ambaye kanda zake kutoka Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima kuhusu njaa, na ambaye alifariki katika ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Komoro, Novemba 1996. Usimguse Mjomba kwa habari za Mohamed Amin, mtakesha.

Tulipomwendea, hakuuliza tuna pesa ngapi. Alimuuliza kaka, "Unataka kumpiga nani?"

"Vifaru, Mjomba. Na rali."

"Kifaru atakulipa shilingi ngapi?"

Kaka akanyamaza. Mjomba akaendelea, "Na bibi arusi?"

Hapo ndipo hesabu yetu ilipoanzia, na nashauri kila anayetaka kamera aanzie hapo hapo kabla ya kutazama duka lolote. Kazi zinazolipa katika mji huu ni ubatizo, arusi, mahafali, siku za kuzaliwa, na wapenzi wanaotaka kupigwa picha mbele ya ngome ya Lord Egerton kule Ngata au kwenye ukingo wa kreta ya Menengai. Wote hao ni watu, nao husimama karibu. Tena nusu ya kazi hufanyika ndani ya makanisa na kumbi zenye balbu mbili tatu. Kifaru anataka lenzi ya milimita 250 au zaidi, na gari la kumfuata, na kiingilio cha mbuga. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera hizi huandikwa 18-55. Ile 18 huona pana, unaweza kuingiza ukoo mzima wa bwana arusi. Ile 55 huvuta kidogo, kiasi cha uso na mabega. Kifaru aliye mita mia mbili ng'ambo ya nyasi atatoka kama punje ya kunde.

Sasa nieleze kidogo kamera yenyewe, kwa wale wanaoisikia tu. DSLR ni kamera yenye kioo ndani. Mwanga hupita katika lenzi, hugonga kioo kilichoinama, hupanda juu na kuingia jichoni mwako, kwa hiyo unaona kile kile lenzi inachoona. Ukibonyeza, kioo huruka juu, pazia liitwalo shata hufunguka, na mwanga hutua kwenye sensa (si ile ya kuhesabu watu) ambayo huugeuza kuwa picha. Ndiyo maana hulia "kachak". Jambo kubwa zaidi ni kwamba lenzi hutoka. Unaweza kuvua moja ukavisha nyingine, kama jembe na mpini.

Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon wote wawili walianza kuhamia kwenye kamera zisizo na kioo, na baada ya mwaka 2020 hakuna kati yao aliyeleta DSLR nyingine mpya ya kuanzia. Kaka alipolisoma hilo alishtuka. "Si tutanunua maiti?" Lakini tazama upande wa pili. Matajiri walipohamia kwenye kamera mpya waliuza zile za kioo, bei zikashuka, na sasa mtoto wa muuza viazi anaweza kushika kitu ambacho miaka kumi nyuma angekitazama kupitia dirisha la duka. Bibi arusi haulizi kama ndani mna kioo. Na lenzi hazifi pamoja na bodi: lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza mwaka 1987, huvaa kwenye kamera mpya za kampuni hiyo zisizo na kioo kwa kutumia pete ya katikati, na bado hutafuta fokasi zenyewe.

Hapo ndipo Mjomba alipotuambia neno ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: "Hununui kamera. Unaoa ukoo." Bodi itachakaa baada ya miaka michache utaibadilisha. Lenzi, flashi, betri, chaja, watu wa kukuazima kitu siku kifaa chako kikigoma saa mbili kabla ya arusi, fundi anayekijua, mteja atakayekinunua ukichoka nacho: hao ndio ukoo. Usipowatazama utaoa uso mzuri ukajikuta peke yako.

Basi tukaanza kupeleleza koo. Nikon ni kamera nzuri, nisije nikaonekana ninatangazia wengine biashara. D3500 yao ya mwaka 2018 huweza kupiga picha zipatazo 1,550 kwa betri moja iliyojaa, jambo ambalo kwa mtu anayeishi na stima za kukatikakatika si dogo. Lakini bodi zao za kuanzia, yaani zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya kuzungusha fokasi ndani yake. Ni lazima lenzi iwe na mota yake. Kuna lenzi za Nikon za zamani, nzuri na za bei nafuu, ambazo ukizivisha kwenye bodi hizo itabidi uzungushe kwa mkono. Kwa mgeni wa kazi, anayenunua vya mtumba asiyejua herufi zilizoandikwa ubavuni, huo ni mtego. Canon wao waliweka mota ndani ya lenzi tangu mwaka ule wa 1987, kwa hiyo lenzi yoyote yao ya EF itatafuta fokasi kwenye DSLR yao yoyote, ya bei kubwa au ya bei ya chini.

Sababu ya pili haikutoka kwenye vitabu. Kaka alihesabu wapiga picha anaowajua kuanzia Section 58 mpaka Njoro, wale anaoweza kuwapigia simu usiku wakamwazima betri. Walikuwa tisa. Saba walikuwa na Canon. Katika mji mwingine huenda hesabu ingegeuka, na huko ningesema Nikon bila kusita.

Sababu ya tatu ilimfurahisha Mjomba mpaka akatafuta funguo za sanduku lake. Ile Zenit yake ya zamani ina lenzi iitwayo Helios, milimita 58, f/2, inayofungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Umbali kati ya lenzi na sensa kwenye Canon ni mfupi kiasi cha kuacha nafasi ya pete nyembamba katikati, na lenzi hiyo ikaona vizuri kuanzia karibu hadi milimani. Kwenye Nikon umbali ni mrefu zaidi. Ukitumia pete ya kawaida, vitu vya mbali hukataa kukaa sawa. Bila shaka fokasi ni ya mkono na tundu la mwanga ni la mkono, lakini lenzi ilikuwa ya bure.

Nimetaja f, na najua wengine wamekunja uso. Vumilieni, ni hesabu ya dakika moja. Kila lenzi ina tundu la kuingizia mwanga, na ukubwa wake huandikwa kwa f. Hesabu hukaa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho hufungua f/5.6 tu. Kuna lenzi ndogo ya milimita 50 isiyovuta, nyepesi kama kikombe cha plastiki, inayofungua mpaka f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jawabu ulizidishe kwa lenyewe. Unapata 9.7. Maana yake ni kwamba lenzi hiyo ndogo huingiza mwanga karibu mara 10. Kanisani, mahali ambapo ile 18-55 ingehitaji sehemu ya kumi ya sekunde, na bwana arusi akigeuza kichwa anakuwa moshi, hii hupata picha kwa sehemu ya mia ya sekunde. Kasoro yake ni kwamba kwenye sensa ndogo za kamera hizi huona kama 80 ya kamera za filamu, kwa hiyo ukoo mzima hautoshei. Ndiyo sababu unahitaji zote mbili.

Megapikseli nazipita haraka, kwa kuwa ndizo wauzaji hupiga kelele zaidi nazo kuliko zinavyostahili. Kamera ya megapikseli 18 hutoa picha yenye nukta 5184 kwa 3456. Ukichapa nukta 300 kwa kila inchi, unapata karatasi ya inchi 17 kwa 11 na ushei. Mteja wetu mkubwa kuliko wote huagiza fremu ya 12 kwa 8. Za ziada ni za kujaza kadi.

Sasa turudi kwa Mama na boksi lake. Katika duka moja hapa mjini tuliona Canon 4000D, mpya kabisa, na lenzi yake ya 18-55, kwa shilingi 44,000. Mama akaifungua pochi pale pale. Ilikuwa vigumu kumpinga. Kamera iling'aa, boksi lina plastiki, muuzaji ana tabasamu. Lakini Mjomba aliomba kuishika, akaivua lenzi. Pete inayoshika lenzi ilikuwa ya plastiki, si chuma. Lenzi yenyewe haikuwa na kituliza-mtikisiko. Kisha akaigeuza akatuonyesha kile kibati cha juu panapovalishwa flashi. "Mnaona nini katikati?" Hatukuona kitu. "Hasa. Hakuna kitu."

Hili nalisema kwa sauti kwa sababu limewaponza wengi. Flashi za bei nafuu zisizo za kampuni, zile zenye pini moja, huwashwa kupitia kitone cha chuma kilicho katikati ya kibati hicho. Canon walikiondoa kitone hicho kwenye 4000D na 2000D za mwaka 2018, na hata kwenye 250D ya mwaka 2019. Flashi ya pini moja ukiivalisha hapo ni mapambo. Na kaka tayari alikuwa na flashi ya namna hiyo, aliyopewa na tajiri wake badala ya mshahara wa majuma mawili. (Mjomba pia alikuwa na flashi yake ya enzi za filamu, lakini hiyo alikataa isiguse kamera ya mtu. Baadhi ya flashi za zamani hurudisha volti zaidi ya 200 kupitia pini ile, na vyuma vya kisasa huungua.)

Kwa hivyo kitu kipya kingekula fedha zote, kisha flashi isiwake, na ile lenzi ya kanisani tusiipate. Upande wa pili kulikuwa na Canon 700D ya mtumba, kamera ya mwaka 2013. Ina pete ya chuma, kitone cha flashi kipo, kioo chake cha nyuma hugeuka, na ukiiwasha hujipukuta vumbi kwenye sensa. Msicheke, jina la mji wetu wenyewe, husemwa, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Nilijifunza pia kwamba kamera hii moja ina majina matatu. Amerika huitwa Rebel T5i, na Japani Kiss X7i. Ukiona Kiss usidhani ni ya bandia.

Mama hakuridhika. "Vya mtumba vinakufa kesho."

"Dada," Mjomba akamwambia kwa upole, "ukienda Molo kununua gunia, unatazama gunia ama unachomoa viazi?"

Mama hucheka mara chache, lakini hapo alicheka. Wanaomjua sokoni wanajua kwamba hawezi kulipa gunia kabla hajapenyeza mkono mpaka katikati akachomoa viazi vitatu na kuvikata. Akafunga pochi. "Haya. Nendeni. Lakini mchomoe."

Tulikwenda Nairobi siku ya Jumanne, watu watatu, nauli kwa Mjomba. Luthuli Avenue ni barabara ya kelele. Redio zote za dunia zinaimba kwa pamoja. Duka la kwanza, jina nalihifadhi, walikuwa na 700D ya bei ya kutamanisha, lakini kaka alipoomba kupiga picha mbili aliambiwa, "Kijana, hapa hatupimi, tunauza." Tukashukuru tukatoka. La pili walikuwa na kamera safi, ila Mjomba alipoinua lenzi kuelekea taa aliona ndani nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Huo ni ukungu, unaoota hasa kwenye lenzi zilizokaa mahali penye unyevu kama Pwani, nao huweza kusambaa na kula kioo. "Hiyo ni vumbi tu, mzee, inatoka," muuzaji alisema. Mjomba aliirudisha mezani taratibu kama yai.

Duka la tatu lilikuwa la mama mmoja mwenye subira. Alituacha tukachomoa viazi vyote. Kaka aliifunika lenzi akapiga picha ya giza, akaikuza kwenye kioo akitafuta nukta zinazong'aa. Akapiga karatasi nyeupe kwa f/22 kutafuta vumbi la sensa. Lilikuwepo kidogo pembeni, la kusafishika. Akatazama pini za mahali pa kadi kwa tochi ya simu, kama kuna iliyoinama. Akaivalisha flashi yetu, ikawaka. Akapiga picha za mfululizo kumsikiliza shata kama anakohoa. Nikon nyingi huandika idadi ya picha zilizopigwa ndani ya picha yenyewe, lakini Canon hizi hutaka waya na programu ya kompyuta. Yule mama alikuwa nayo, ikasoma elfu 21 na kitu. Kamera za daraja hili hukadiriwa kufikia 100,000 hivi. Mwisho tuliomba risiti yenye namba ya bodi, tukailinganisha na iliyochapwa chini ya kamera, maana kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama hukuiba wewe. Duka linalosita kuandika namba hiyo, liacheni.

Alitaja 36,000 pamoja na 18-55 yenye kituliza-mtikisiko.

"Mama, sisi ni wanafunzi," nikaanza.

"Hata mimi nina wanafunzi nyumbani, wanakula," akajibu.

Tulimalizana kwa 32,000. Lenzi ya 50 tukaipata kwake kwa 9,000, imekwaruzwa ubavuni lakini kioo safi. Ikawa 41,000. Zilizobaki tulinunua betri ya pili kwa 1,200, kadi mbili kwa 1,500, na pete ya lenzi ya Mjomba kwa 600. Kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa lilikuwa wazo la kaka: 700D ina mahali pamoja tu pa kadi, na ikiharibika moja, angalau nusu ya arusi imepona. Mia saba iliyosalia ilikuwa mkoba.

Kurudi tulifika usiku. Mama alikuwa amengoja na daftari lake la sokoni, lile lenye mistari ya bluu, ambamo huandika wadeni wake. Aliandika jina la kaka chini ya muuza chipsi mmoja wa Kaptembwo: 45,000. Hakuitazama kamera mpaka alipomaliza kuandika.

Kazi ya kwanza ilikuwa ubatizo mwezi wa Septemba, 2,500. Oktoba ilikuwa kavu, na kaka alirudi kubeba mikoba siku mbili tatu. Novemba zikaja sherehe za watoto wa chekechea, ambao hawatulii, na hapo ile 50 ilifanya kazi ya ajabu kwenye ukumbi usio na dirisha. Desemba alipata arusi tatu, mbili kama msaidizi mwenye kamera na moja yake mwenyewe, kule Bahati, ambako stima zilipotea katikati ya ibada na kasisi akaendelea kwa mishumaa. Picha za mishumaa ndizo walizozitia fremu. Kufikia siku ya kufungua shule Januari 2025, daftari lilikuwa limefutwa 31,500. Karo yangu ililipwa, nyingine kwa picha na nyingine kwa viazi, nami niliripoti siku moja baada ya wenzangu. Mstari wa mwisho ulifutwa karibu na Pasaka.

Siku hiyo Mama alidai picha yake. Hakutaka studio wala ua; alitaka apigwe sokoni, nyuma ya magunia, na mizani ionekane. Kaka alitumia lenzi ya Zenit, akizungusha fokasi kwa vidole huku wateja wakimpigia kelele asonge. Picha hiyo sasa iko kibandani kwa Mjomba, chini kidogo ya Mohamed Amin.

Kaka bado anaota kifaru. Ameanza kuweka akiba ya lenzi ya 55-250, na ameniomba niulize kama kuna mwanafunzi ambaye mzazi wake anauza moja. Picha ya wanachama iliyo katika ukurasa wa kati wa jarida hili ni kazi yake pia, kwa ile 18-55, kwenye ngazi za bwalo. Aliyefumba macho ni mhazini wetu, na picha zilipigwa sita, zote kafumba.